Naomba ushauri: nyimbo za sendoff Mwanza, vijana na wazee wote wacheze

Habari zenu wakuu. Dada yangu ana sendoff mwezi ujao hapa Nyakato, na muziki nimeachiwa mimi. Wadogo zetu wanataka amapiano na singeli, tena kile kipande tu kinachotrendi TikTok. Wimbo ukifika beti ya pili wanapiga kelele ubadilishwe. Wajomba kutoka Magu wao ni bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na rhumba la Kongo, ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2021 kama urithi wa utamaduni. Na rhumba huwezi kulikata kabla ya sebene, kile kipande cha magitaa ya kasi, maana ndipo watu wanaponyanyuka. Nipige rhumba wakati wa chakula, singeli baadaye? Bugobogobo nitafute kikundi chenye ngoma zake, au ya kurekodi inatosha? Mliowahi kuandaa shughuli Kanda ya Ziwa, nielekezeni tafadhali.