Shangazi kakataa posa eti kijana ni "mzalia wa shambani kwetu", naomba msaada

Asalaam aleykum wanajamvi. Sisi watu wa Pemba, tuna mikarafuu ya tangu babu wa babu. Mdogo wangu wa kike kaletewa posa, kijana anasali, kazi anayo, wazee wote wameridhia ila shangazi ndo kagoma, anasema ukoo wao ni wazalia wa shambani kwetu toka enzi za utumwa, yaani wametokana na watumwa waliozaliwa hapo. Kijana kasikia na imemuuma sana. Sasa mimi ninavyojua bibi mzaa babu yetu na yeye alikuwa suria, yaani mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake, alinunuliwa. Mbona sisi ndo wenyewe na wao ndo "watu wetu"? Nataka nikakae na shangazi kwa adabu lakini niwe na hoja.

Mchumakarafuu:
Waaleykum salaam. Tofauti ilikuwa baba, basi. Suria akimzalia bwana wake na bwana akamkubali mtoto, yule mtoto huru toka anazaliwa na anarithi sawa na wa mke wa ndoa, mama nae hauzwi tena na bwana akifa anakuwa huru. Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alivyofariki 1856 watoto wote aliowaacha mama zao masuria, kina Majid na Barghash hao hao waliokuja kutawala. Lakini mtumwa akioa mtumwa kwanza lazima bwana aruhusu, halafu watoto ni wa mwenye kummiliki mama, hata kama baba yao yupo shamba la mtu mwingine. Ndo wazalia hao. Kwahiyo wanawake wawili wanaweza kuwa wameshushwa jahazi moja, mmoja akaitwa ndani mwingine akapewa jembe, na leo wajukuu wa mmoja wanakataa posa ya wajukuu wa mwingine. Mimi inaniuma.

Bi Mkubwa wa Kojani:
Mwanangu, mwambie shangazi yako na hili. Amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba ilitoka 1897, na mtu ilibidi aende mwenyewe kudai uhuru wake. Wengi walibaki palepale, wanapalilia, wanachuma, na mwenye shamba anawaachia pa kujenga na konde ya muhogo. Zamani yake walikuwa na Alhamisi na Ijumaa tu za kulima cha kwao. Lakini masuria amri ile iliwaacha, serikali ikawahesabu kama wake za watu, mpaka 1909 ndo wakaingizwa. Maana yake mzalia wa shambani aliweza kudai uhuru miaka 12 kabla ya suria aliyekaa ndani. Nenda nae taratibu lakini, hayo maneno kalishwa utotoni na waliomlea, hakuyatunga yeye.

Muuliza swali:
Shukran sana bi mkubwa na wote. Nimekaa nae jana baada ya Isha nikamueleza yote, hakunijibu kuhusu posa, alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza huyo bibi alikuwa anaitwa nani, na mimi silijui jina lake, baba nae halijui. Kuna mzee wetu mmoja Wete huenda analo, naenda kwake Jumamosi na shangazi kasema tutakwenda wote.