Chokaa ya Lake Tanganyika (gumzo la ukoo)

Kaka Mkubwa: Shikamooni wazee wangu. Leo asubuhi, nikisubiri fundi amalize gari langu, niliingia Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, ambao sikuwa nimeukanyaga tangu fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ya tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga. Hapakuwa na mechi. Mzee mmoja alikuwa akirudishia mistari kwa chokaa, kamba imevutwa kutoka kona hadi kona, na kila baada ya hatua kumi hivi alichuchumaa akafumba jicho moja kuhakikisha kamba haijapinda. Nilikaa jukwaani kwenye zege, kingo zake zimelika hadi kokoto zinahesabika.

Shangazi wa Ujiji: Marahaba, baba. Upande wa nje, palepale nilipokuwa nikiuza karanga, bado watoto wanachungulia ukutani?

Kaka Mkubwa: Wapo, Shangazi, hata siku isiyo na mechi.

Kitinda Mimba: Shikamooni. Mimi kwangu historia ya uwanja ule ni fainali hiyo. Yanga walibaki pungufu kipindi cha kwanza baada ya Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu, wakakaza mpaka kipindi cha pili, kisha Taddeo Lwanga akafunga kwa kichwa mpira wa kona, Simba wakabeba kombe. Simba na Yanga, fainali, Kigoma! Nani angeamini?

Baba Mkubwa: Marahaba. Mwanangu, hao walikuwa wageni, na mgeni hata akila vizuri namna gani, nyumba haiwi yake. Sisi tulikuwa tukienda pale enzi za RTC Kigoma, timu iliyobeba jina la kampuni ileile ya biashara ya mkoa ambayo kwenye maduka yake tulipanga foleni ya sukari na sabuni, kwa hiyo mtu aliweza kuinung'unikia Jumatatu dukani na kuishangilia Jumapili uwanjani bila kuona ajabu yoyote.

Dada wa Kasulu: Baba Mkubwa, na kwa nini uwanja ni wa CCM na si wa manispaa? Watu huniuliza.

Baba Mkubwa: Ni kama Sokoine wa Mbeya, Kirumba wa Mwanza na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora. Ni viwanja vya zama za chama kimoja, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vilibaki mikononi mwa CCM. Wapo wasioridhika na jambo hilo hadi leo, nami ni mmoja wao, lakini tusilichokoze humu kabla ya chakula.

Kitinda Mimba: Basi hata Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, Baba Mkubwa, sifa yao haikutoka uwanja huu? Desemba 2018 waliitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho mabao 3-2, siku chache tu baada ya Simba kuitoa Nkana ya Zambia. Na ilikuwa Dar es Salaam, si hapa.

Baba Mkubwa: Umenisaidia. Timu ya jeshi, ya madaraja ya chini, ambayo Dar hawakuijua hata rangi ya jezi, ilijifunzia wapi kutoogopa? Ni kwenye jukwaa hilohilo lenye kokoto, mbele ya watu ambao wengi walikuwa wanafahamiana kwa majina. Ndiyo maana mwaka 2023 walipoitoa Mbeya City kwenye mtoano wakapanda Ligi Kuu, nilikaa kimya nyumbani, mama yenu akadhani ninaumwa.

Shangazi wa Ujiji: Hukuwa kimya, kaka. Ulikuwa unalia.

Baba Mkubwa: Ilikuwa vumbi.

Kaka Mkubwa: Wazee, nipeni ruhusa niwachukue wote wawili mechi ijayo ya nyumbani. Nitakata tiketi mapema.

Shangazi wa Ujiji: Uje na mto wa kukalia, baba. Magoti yangu na lile zege tumeshaachana. Na hiyo suruali kwenye picha uliyotutumia, ile alama nyeupe nyuma ni chokaa. Usiifue kwa maji ya moto.