Hartland Quay hadi Bude kwa siku moja: saa nane zinatosha?

Tambarare_4: Wakuu, habari za wikendi. Tuko wanne hapa Bristol, tumezoea kutembea kilomita 20 za tambarare. Katikati ya Septemba tunataka kupita njia ya pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, kutoka Hartland Quay (Devon) hadi mji wa Bude (Cornwall), kilomita kama 25. Tumepanga saa nane. Zinatosha? Na tuanzie upande upi?

Mwambao: Hazitoshi, mkuu. Msihesabu kilomita, hesabuni mabonde: yako 10, na mengi yanawashusha hadi karibu na bahari kisha yanawarudisha juu ya genge. Kanuni ya kawaida ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kupanda huko kunazidi mita 1,000, kwa hiyo saa saba zinakwisha hata kabla hamjakaa kula. Pangeni saa 10. Jua linazama mnamo saa moja na nusu jioni, basi saa mbili asubuhi muwe mmeshaanza, na kila mtu awe na taa ya kichwani.

Anzieni Hartland. Mabonde makali mtayamaliza mkifika ufuo wa Duckpool, na baada ya ufuo wa Sandymouth, karibu na Bude, njia inalainika. Ubaya ni upepo: kwa kawaida unatoka kusini-magharibi, mtakuwa mnaupokea usoni.

Kupwa_na_Kujaa: Nakazia hapo kwenye kushuka, maana ndiko watu wanakoumia. Tazameni zile ngazi za mbao: mvua imekula udongo nyuma ya ubao, ubao umebaki umesimama kama kizingiti na nyuma yake dimbwi. Ukiburuta mguu, unajikwaa mtelemkoni. Wengine wanazikwepa na kupita kwenye majani pembeni. Majani yenye umande yanateleza kama sabuni. Bebeni fimbo mbili kila mtu, zirefusheni kidogo wakati wa kushuka, na viatu viwe na meno ya kina.

Maji lita 3 kila mmoja. Ya vijito msinywe, yanatoka kwenye malisho ya ng'ombe na kondoo. Kijiji cha Morwenstow, karibu na nusu ya safari, ndipo pa kuamulia: kama saa nane mchana hamjafika, tokeni hapo, kuna barabara. Mkichoka mapema zaidi, gari linafika Welcombe Mouth, ufuo ulio kabla ya Morwenstow.

Tambarare_4: Asanteni sana. Je, kutoka Sandymouth tunaweza kushuka tukapita mchangani hadi Bude?

Kupwa_na_Kujaa: Mnaweza, ila maji yawe bado yanakupwa. Yakishaanza kujaa, bakini juu. Bamvua (maji makuu) ya huko inapanda zaidi ya mita 6, ya Mombasa haifiki hapo, na mawimbi yakigusa mguu wa genge hamna pa kupandia. Angalieni jedwali la maji la Bude la siku hiyohiyo.

Mtu akiumia, pigeni 999, namba ya dharura, ombeni Coastguard, yaani waokoaji wa pwani. Mabondeni mtandao unakatika. Tumeni neno "register" kwa SMS kwenda 999 kabla ya safari, ili muweze kuomba msaada kwa ujumbe.

Mwambao: Na gari liacheni Bude, asubuhi mchukue teksi ya kuagiza mapema hadi Quay. Jioni mnatembea kulifuata gari lenu, hakuna kukimbizana na basi.