Salme binti Said na msichana wa leo, wanaingia riwaya moja?

Mpenda Riwaya: Wadau naandika riwaya ya nyakati mbili. Huku Bibi Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, anatoroka Unguja 1866, huku msichana wa Shinyanga wa leo anaozeshwa na miaka 15. Rafiki kanikatalia, eti binti wa sultani mwenye watumwa hafanani na mtoto wa mkulima. Mnaonaje?

Damu ya Pwani: Salme hana la kuwafundisha mabinti zetu. Kaacha dini kamkimbilia Mjerumani, kaka yake Barghash akataka kumuua.

Mama Wawili: Barghash wapi, 1866 mtawala ni Majid. Na hilo "kamkimbilia" limeniuma. Alikuwa na mimba ya Ruete, huyo Mjerumani, angebaki angefanywa nini? Baba yake alizaa na masuria kibao, mama yake Salme mwenyewe suria, mbona hao hamuwasemi?

Damu ya Pwani: Majid, Barghash, wote ndugu. Suria ana hukumu zake kwenye sheria, usichanganye mambo dada. Mama yangu asingethubutu kuandika hivi mbele za watu.

Mama Wawili: Mama yako muache apumzike, jibu hoja.

Mjukuu wa Mtoni: Jamani taratibu. Mmeruka 1859, Salme ana kama miaka 15 ndo anamwandikia Barghash barua za siri za kumpindua Majid, maana alijifundisha kuandika mwenyewe kwa kujificha, kwenye mfupa wa bega la ngamia. Halafu 1885 anarudi kudai urithi, na Barghash huyohuyo sasa ni sultani na hataki hata kumwona. Mimi riwaya naiona hapo.

Damu ya Pwani: Alirudi na manowari za Bismarck, kansela wa Ujerumani! Urithi gani unadaiwa kwa mizinga?

Mama Wawili: Mjane tangu 1870, watoto watatu, ugenini. Bismarck kamtumia kamwacha. Ungekuwa wewe ungeenda na ngalawa?

Msoma Sheria: Kwa mwandishi, msichana wako mwache hukohuko Shinyanga. Sheria ya Ndoa ya 1971 inayoruhusu miaka 15 mzazi akikubali ni ya bara, Zanzibar haifiki. Mahakama ya Rufani 2019 ilishasema hicho kifungu ni kinyume cha katiba.

Mpenda Riwaya: Ahsante, hilo nilikuwa sijaliwaza. Lakini swali langu la watumwa bado...

Mama Wawili: Pwani hajanijibu. Jilfidan mama yake Salme alitekwa Circassia, huko Kaukazi, akiwa mtoto mdogo kabisa. Nani alimuuliza kama anataka?

Damu ya Pwani: Naenda kuswali, nikirudi nakujibu.