Makato ya umeme na gesi yamepandishwa: tubaki na kiasi kilekile kila mwezi, tulipe bili halisi, au turudi kwenye mita ya kulipia kabla?

Msafiri_Leicester

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wa wale waliokaa hapa Uingereza muda mrefu kuliko sisi. Tunaishi watu wanne katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu vya kulala, na tangu mwaka jana kampuni yetu imekuwa ikikata pauni 145 kila mwezi moja kwa moja kutoka benki kwa ajili ya umeme na gesi. Wiki hii tumepokea barua pepe inayosema kwamba kuanzia Oktoba itakata pauni 209 kwa sababu bei zimepanda, ilhali kwenye akaunti yetu kuna salio la pauni 310 ambalo ni letu.

Mke wangu anaona tuyasitishe makato haya kule benki, kisha tulipe kila bili inapokuja. Mimi nafikiria kuomba mita ya kulipia kabla, kwa kuwa tumekulia kwenye LUKU Dar es Salaam na tunajua kujibana uniti zinapopungua. Jirani yetu naye anasema tunaweza kuendelea na makato ya benki, ila kampuni ikate kiasi halisi cha bili ya kila mwezi badala ya kiasi kimoja mwaka mzima. Ningependa tuzilinganishe njia hizi kwa hesabu, maana pauni 64 za ziada kwa mwezi ni nauli ya watoto na sehemu ya chakula chetu.

Fundi_Mita

Kaka, kabla ya kuchagua njia, tenganisha mambo mawili ambayo barua hiyo imeyafunga pamoja: bei na kiasi cha makato. Bei ni peni unazotozwa kwa kila uniti pamoja na ada ya kila siku, na kwa walio kwenye mpango wa kawaida huwekewa kikomo na mdhibiti, Ofgem, ambaye tangu Oktoba 2022 hukibadilisha kila baada ya miezi 3. Kikomo hicho si cha bili nzima. Anayetumia zaidi hulipa zaidi. Kiasi cha makato ni kitu kingine kabisa: kampuni hukadiria matumizi yako ya mwaka mzima, huyazidisha kwa bei, huongeza ada, halafu hugawa kwa 12. Makato yako yamepanda kwa asilimia 44. Kama bei ya uniti haikupanda kwa kiwango hicho, basi tofauti imetoka kwenye makadirio, na huko ndiko unakopaswa kuitafuta.

Unayo haki ya kuuliza. Masharti ya leseni yanaitaka kampuni ikadirie kwa taarifa bora na za karibuni zaidi ilizonazo, na imweleze mteja kwa lugha nyepesi imefikaje kwenye kiasi hicho. Ofgem ilipochunguza jambo hili mwaka 2022 ilikuta wateja zaidi ya 500,000 ambao makato yao yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya mara mbili kati ya Februari na Aprili mwaka huo, ikazitaka kampuni ziyapitie upya. Tuandikie makadirio ya mwaka yaliyo kwenye barua yako, kisha usome mita zote mbili leo hii. Mita nyingi za gesi husoma mita za ujazo, kwa hiyo zidisha takriban kwa 11 upate uniti (kWh) zinazotumika kwenye bili.

Mwalimu_Coventry

Nami niongeze neno kuhusu pendekezo la shemeji, nikilisema kwa heshima. Kusitisha makato kule benki ni hatua rahisi kuichukua lakini gharama yake ni kubwa. Kikomo cha bei huwekwa kwa kufuata njia ya malipo, na anayesubiri bili ndipo alipe huwekwa kwenye kundi lenye bei ya juu kuliko wa makato ya benki. Utajikuta unalipa zaidi kwa uniti zilezile, na deni lolote litakalobaki litaendelea kuwa lako na linaweza kuharibu rekodi yako ya mikopo. Mwaka 2022 wapo waliohimizana kusitisha makato kwa pamoja ili kupinga kupanda kwa bei. Hasira yao naielewa, lakini sikuwashauri jamaa zangu wafuate.

Pia tusichanganye bei isiyobadilika na makato yasiyobadilika. Unaweza kusaini mkataba wa bei moja kwa mwaka mzima, na bado kampuni ikaongeza makato yako katikati ya mwaka kwa kuwa unatumia kuliko ilivyokadiria. Nimewaona watu wazima wenye elimu yao wakidhani wamedanganywa, kumbe walikuwa wamesaini jambo moja wakaelewa jingine.

Mama_Wawili

Jirani yako amesema kweli, kaka yangu, nami ndiyo njia ninayoitumia kwa mwaka wa tatu sasa. Kampuni husoma mita janja yangu (smart meter, ile inayotuma usomaji yenyewe), hunitumia bili ya mwezi, kisha hukata kiasi hichohicho, na bei yake kwangu ni ileile ya makato ya kawaida. Sidaiwi na sidai. Kilichonivutia ni kwamba fedha zangu hukaa kwangu badala ya kukaa kwa kampuni.

Ila nikueleze na upande wake mzito. Agosti iliyopita nilikatwa pauni 88, na Januari nikakatwa pauni 246. Gesi nyingi ya mwaka huchomwa kati ya Oktoba na Machi, na mwenye kulipa bili halisi huubeba mzigo huo wote ndani ya miezi michache. Mwaka wa kwanza sikuweka kando chochote wakati wa kiangazi, na Februari ikanibidi nimkope dada yangu fedha za kodi ya nyumba. Siku hizi kila mwezi wa joto natenga pauni 70 kwenye akaunti nyingine ambayo siigusi. Kama kipato chenu hakitabiriki, au mnajijua kwamba fedha zikiwa karibu hutumika, msiichague njia hii.

BintiTanga

Nimeishi na mita ya kulipia kabla kwa miaka 4 katika nyumba niliyopanga Leeds, kwa hiyo naizungumzia kwa kuijua. Ule ughali uliokuwa ukisemwa zamani haupo tena: tangu Julai 2023 tofauti ya bei kati ya mita hizi na makato ya benki iliondolewa. Anayefanya kazi za zamu kama mimi, ambaye wiki moja anapata saa 40 na nyingine 16, hupata utulivu wa kujua kwamba hakuna atakayemkata fedha siku asiyokuwa nazo.

Hata hivyo, usiifikirie kama LUKU ya nyumbani. Hapa ada ya kila siku huendelea kuhesabika hata kama hukuwasha taa, na ukiacha kujaza upande wa gesi wakati wote wa kiangazi, fedha ya kwanza utakayoweka Oktoba huenda kulipa ada iliyolimbikizwa kabla boila, mtambo wa kupasha nyumba joto, haijapata hata uniti moja. Baridi nayo si ya kujibana kama tunavyozima friji kwetu. Nilipokuwa na mtoto mchanga, usiku wa Januari salio liliisha, na ingawa mita hutoa mkopo mdogo wa dharura, ule woga wa kuhesabu uniti huku mtoto akikohoa sitaki mtu mwingine aupitie. Kwa familia yenye watoto nisingekushauri uhame kwa hiari yako.

Msafiri_Leicester

Nawashukuru sana. Nimeisoma barua kwa utulivu na Fundi amelenga penyewe. Kampuni imekadiria uniti 4,200 za umeme na 16,000 za gesi kwa mwaka. Mita yetu ni janja ya kizazi cha kwanza, na tangu tuhamie kampuni hii imeacha kutuma usomaji, ila hatukujua. Bahati nzuri nilipiga picha za mita Septemba mwaka jana tulipohamia nyumba hii. Nikilinganisha na usomaji wa leo, tumetumia uniti 2,900 za umeme na takriban 11,000 za gesi. Bei mpya ni peni 27 kwa umeme na 6.5 kwa gesi, na ada zote mbili zikijumlishwa ni peni 92 kwa siku.

Fundi_Mita

Hesabu imekamilika basi. Umeme ni pauni 783, gesi 715, na ada za mwaka 336. Jumla 1,834, ambayo ukiigawa kwa 12 ni pauni 153 kwa mwezi. Kwa makadirio yao jumla ni 2,510, na ndiko zilikotoka zile 209. Wapelekee usomaji pamoja na picha, uombe makato yapitiwe upya kwa maandishi. Wasipokujibu vya kuridhisha, wasilisha malalamiko rasmi; wiki 8 zikipita bila ufumbuzi unaweza kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati, bila malipo.

Na zile pauni 310 usiziombe sasa, ingawa ni zako. Kwa mtu wa makato ya kiasi kimoja, salio la mwanzo wa Oktoba ndilo akiba ya majira ya baridi. Nimekadiria kwamba miezi 6 ijayo itakugharimu karibu pauni 1,124, nawe ukilipa 155 kwa mwezi utakuwa umetoa 930. Ukiliacha salio, mwisho wa Machi utabaki na kama pauni 116. Ukilichukua leo, utakuwa na deni la 194. Wakati wa kudai kurudishiwa ni Aprili, baada ya kusoma mita.

Mwalimu_Coventry

Uiangalie na tarehe, ndugu yangu. Kwa kawaida kampuni hutakiwa kukutaarifu siku 10 za kazi kabla ya kubadilisha kiasi au siku ya makato, na wakikata kiasi ambacho si kile walichokutaarifu, benki yako ndiyo inayopaswa kukurudishia mara moja chini ya dhamana ya makato hayo. Kwa aliyekwisha kulemewa na madeni, England na Wales kuna utaratibu wa nafuu ya siku 60 ambapo wadai husimamisha ufuatiliaji. Huombwa kupitia mshauri wa madeni.

Msafiri_Leicester

Mrejesho, baada ya siku 9. Wamekubali usomaji wetu na makato yatakuwa pauni 155. Tarehe tumeihamisha kutoka 25 hadi 1, kwa kuwa mshahara wa mke wangu huingia tarehe 28. Salio tumeliacha. Kila siku ya mwisho ya mwezi binti yetu atapiga picha za mita zote mbili, nasi tutazituma wenyewe hadi fundi wao atakapokuja kuibadilisha hii ya zamani.