Tumbawe yangu ya hama imejifunga siku nne na vipimo vyote viko sawa, nimekosea wapi?

KijanaWaTena:
Wasee habari zenu, naomba msaada kabla nipoteze hii kitu juu nimeiwekea pesa mingi na mama watoto ashaanza kuniangalia na ile jicho. Tanki ya maji ya bahari iko sebuleni hapa mtaa wa Tena, Nairobi, maji ni kama lita 180 ukitoa mawe, ina miezi nane sasa. Nilikuwa nimesafiri ushago wiki moja na nusu hivi, kurudi napata hama (tumbawe, mnyama wa bahari mwenye mfupa mgumu, ile ya vichwa vinne, vidole vyake huwa vinacheza kwa maji hadi wageni wanasahau chai) imejifunga yote, imerudi ndani ya mfupa kabisa. Zoanthidi (viumbe vidogo jamaa ya tumbawe) nazo zimefunga kama maua usiku. Uyoga (tumbawe laini) ziko tu, zimenywea kidogo. Samaki wawili wa machungwa wanakula kama kawaida, hawana habari.

Nikapima kila kitu jana usiku: haidromita (kipimo cha chumvi ya maji) inasema 1.025, joto 25.5, alkaliniti 10.4 dKH, kalsiamu 470, magnesiamu 1500, naitreti 10, fosfeti 0.08. Kwa macho yangu hapo hakuna shida. Taa sijagusa, pampu zinazunguka, stima haikupotea nikiwa huko, nimeuliza. Sasa ni nini?

ChumviNyingi:
Taa haitoshi hiyo mkuu. Panda hadi asilimia 90 na uongeze ayodini kidogo, yangu ilikuwa hivyo na ikafunguka.

MamaPweza:
ChumviNyingi tafadhali, wewe kila swali jibu lako ni ayodini 😅 Kijana usiguse taa. Tumbawe ikishajifunga haina nguvu ya kupambana na mwanga mkali, wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya nyama yake ndio humlishia karibu chakula chote, sasa ukiwachoma na taa mnyama anawafukuza na hapo ndio unaona nyeupe. Kama utagusa basi punguza kidogo, usipandishe.

Maswali yangu. Moja, hiyo hama ni nyeupe ama rangi iko ila imejikunja tu? Mbili, kuna ute wa kahawia juu yake, kama mrenda, wenye unanuka? Ukiona huo toa hicho kichwa leo leo, usingoje kesho, unaruka kwa kichwa kingine haraka sana. Tatu, ukiwa ushago nani alikuwa anajazia maji?

KijanaWaTena:
Asante mama. Rangi iko, ni ile tu kijani na ncha za zambarau, hakuna ute. Kichwa kimoja pembeni ndio naona mfupa kama milimita tatu hivi. Kujazia ni ndugu yangu mdogo, nilimwachia maagizo, lita mbili kila siku juu hii jua ya Februari inakunywa maji vibaya. Alifanya kila siku bila kukosa, hapo simlaumu.

Mvita_SouthB:
Kama rangi ipo basi shukuru, hiyo haijapauka. Mimi ni mtu wa pwani, nakumbuka mwaka 1998 bahari ilivyopata joto, matumbawe ya kule Malindi na Watamu yakawa meupe kama mifupa ya sikukuu, na mengi hayakurudi. Hayo ndiyo kupauka. Yako imejificha tu, inasubiri shida ipite.

Halafu kaka, na hili nasema kwa wote, asije mtu akakushauri uteremke pwani uvunje kipande kingine. Kule kwenye hifadhi hata kombe huokoti, na matumbawe magumu yamo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), hayavuki mpaka bila kibali. Nunua vipande vya kukuzwa, vimeshazoea maisha ya tanki.

Fundi_Skima:
Nimesoma hizo namba mara tatu, kuna kitu hakikai poa. Alkaliniti 10.4, kalsiamu 470, magnesiamu 1500. Chumvi yako ukichanganya mpya hukupa ngapi? Juu najua chumvi nyingi hapa zikiwa 1.026 hutoa kama 9.3, 420 na 1350. Sasa angalia, zako zote tatu zimepanda pamoja na zimepanda kwa kiasi kimoja, kama sehemu moja ya kumi. Dozi ya madini ikizidi hupandisha moja ama mbili. Zikipanda zote tatu sambamba, ni chumvi imezidi. Haidromita inakudanganya.

Ni ile ya plastiki ya sindano inapanda na kushuka? Itoe uiangalie karibu na dirisha, hapo mahali sindano inazungukia na juu ya sindano yenyewe. Bet yangu kuna ukoko mweupe. Ukoko unaongeza uzito, sindano haipandi vile inafaa, inasoma chini. (Mapovu nayo hufanya kinyume, inasoma juu, kwa hivyo gonga kidogo kabla ya kusoma.) Loweka kwa siki saa moja, suuza, pima tena.

Na ulize huyo kijana alijazia maji GANI.

KijanaWaTena:
Wasee. Wasee wangu.

Nimempigia. Kuna ndoo mbili nyuma ya mlango, moja maji ya chumvi nilikuwa nimechanganya ya kubadilisha, ingine maji ya rifili (ya kuchujwa ya dukani, bila chumvi). Anasema alitumia ya chumvi "juu hawa si ni samaki wa bahari, unataka niwawekee maji ya kunywa?" Ikaisha akachanganya ingine, alisoma kwa pakiti! Alikuwa anajiona amefanya kazi safi. Nimekosa la kumwambia.

Ukoko ulikuwako, tena mwingi. Baada ya siki inasoma 1.029 hivi.

Fundi_Skima:
😂😂 usimgombeze, hiyo ni akili ya kawaida kabisa. Maji ndio hupanda hewani, chumvi hubaki. Lita mbili mara siku 11 ni lita 22, kila lita ina gramu 35, hiyo ni kama gramu 770 amemwaga ndani. Gawa na lita 180, umepanda zaidi ya 4 kwa elfu. Ulikuwa 35, sasa uko 39. Samaki anavumilia hiyo, hama haivumilii.

Sasa usishushe yote leo!! Hiyo ndio itaimaliza. Toa lita tano za tanki, rudisha lita tano za maji bila chumvi, polepole, mahali pampu inapiga. Kesho tena tano. Siku nne umefika karibu na 35. Na kila siku jazia ile iliyopotea kwa maji bila chumvi pia, hiyo ni hesabu yake tofauti. Usiongeze dozi yoyote wiki hii, zile namba tatu zitashuka zenyewe.

Ukipata pesa nunua rifraktomita (kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga), na usiisawazishe na maji matupu tu. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani kwa mizani ya jikoni ile ya kidijitali, ongeza maji hadi ifike gramu 1000. Hiyo lazima isome 35.

MamaPweza:
Na hayo maji ya rifili umewahi pima TDS (madini yaliyoyeyuka ndani)? Mimi duka la kwanza la karibu yangu lilinipa 9, siku moja mwenye duka akachelewa kubadilisha kichujio nikapata 94, na bei ni ile ile. Nikalalamika akaniambia madini ni mazuri kwa afya. Kwa afya yangu mimi sawa, kwa tumbawe hapana. Ya kisima cha ploti usijaribu kabisa, maji ya visima mengi hapa Nairobi yana floraidi na madini mengine ya kutosha. Kakipimo ka TDS ni bei ya sahani mbili za nyama, kanunue.

ChumviNyingi:
Sawa nimekubali haikuwa taa. Lakini jina langu ndio lilikuwa jibu, mngeniheshimu kidogo

KijanaWaTena:
Nimerudi baada ya siku tisa. Siku ya tatu zoanthidi zilianza kufunguka, kwanza zile za kivulini. Hama ilikaa kimya hadi siku ya sita asubuhi, nimeamka kuwasha taa nikaona vidole viwili vimechungulia, vidogo kama vya mtoto, nikaita hadi mama watoto akuje aone. Leo vichwa vitatu vimefunguka kama nusu hivi. Kile cha pembeni hakikuweza, nyama ilizidi kutoka, nimekikata na koleo nikatupa.

TDS ya rifili ni 31, natafuta duka lingine. Ndoo nimeziandika na maka, moja CHUMVI na ingine HAINA. Ndugu yangu ameongeza chini ya ile ya pili kwa mwandiko wake: "hata kama ni wa bahari".

Mvita_SouthB:
Huyo kijana mpe tanki yake mwenyewe.