Vijana wanakatwa bima ya afya kila mwezi, kuitumia hakuna aliyewafundisha. Halafu mnasema "hawana mwamko"!

Wakuu, habari za usiku. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa vifurushi vya bima, mada ni tofauti na leo nina hasira.

Mdogo wangu ana miaka 23, anakaa Mbagala Rangi Tatu, kapata kazi ya stoo kwenye godauni moja Barabara ya Nyerere. Mshahara 600,000. Kila mwezi anakatwa 18,000, ile asilimia 3 yake, na mwajiri anaongeza 3 nyingine. Yaani 36,000 inakwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kwa jina lake. Muulize hiyo hela ni ya nini. "Si makato, dada." Basi. Makato. Kadi yenyewe alikabidhiwa kwenye bahasha moja na funguo za kabati, bila hata neno.

Wiki iliyopita tumbo likamkaba, akaenda hospitali (siitaji jina). Mapokezi kapewa fomu tupu: "Saini hapo chini." Akasaini. Daktari hajamwona, kipimo hajafanyiwa, lakini sahihi tayari iko kwenye fomu ya madai! Ile fomu ndiyo hospitali inadaia hela kwa mfuko. Kitakachokuja kuandikwa juu ya sahihi yako, umeshakiri kwamba umekipata. Dogo alidhani ni kama daftari la wageni.

Daktari kamwona, vipimo kafanyiwa, vidonda vya tumbo. Hapo sina neno, hakutoa hata senti. Kafika dirisha la dawa: "Mdogo wangu, hizi mbili hatuna, kachukue hapo nje." Hapo nje ni famasi iliyo hatua kumi kutoka getini. Ya nani, sisemi, nina watoto wa kulea. Dawa 58,000, tarehe 24, mfukoni hana kitu. Akakopa kwenye simu.

Hakuna aliyemtajia fomu 2C. Dawa ikiwa imo kwenye orodha ya mfuko lakini hospitali haina, unajaziwa 2C, unaipeleka famasi iliyosajiliwa na mfuko, unachukua dawa bila kutoa hela. Yule wa dirishani anaijua. Daktari anaijua. Mimi naijua kwa sababu mama ni mwalimu mstaafu mwenye presha, na nimezunguka na hizo fomu Kariakoo mpaka soli zikaisha. Dogo angeijulia wapi?

Nikamuuliza, chuoni je? Miaka mitatu alilipa 50,400 kila mwaka pamoja na ada. Alidhani ni hela ya kitambulisho! Kadi ilikuwepo, ilikaa kwenye begi, alikuwa anaitumia kunyooshea mistari kwenye daftari. Alipougua malaria mwaka wa pili alilipa taslimu zahanati ya mtaani. "Dada, mimi nilijua ile ni ya mtu akilazwa." 151,200 hiyo, wakuu, ukijumlisha.

Sasa washa redio usikie: "vijana hawana mwamko wa bima". Mwamko upi? Mfuko umeanza kazi 2001, dogo hata hajazaliwa. Bunge likapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, maana yake hata bodaboda na mama ntilie wanatakiwa wawemo. Muda wote huo wa kuandaa makato umepatikana, nusu saa ya kumwonyesha kijana kadi inatumikaje imekosekana. Chuoni walimfundisha kuomba mkopo, wakamfundisha mpaka kofia ya mahafali inavaliwa upande gani.

Najua kuna mtu atakuja hapa na "msomi mzima si asome mwenyewe". Asome lugha gani? "Mnufaika", "mchangiaji", "kitita cha mafao". Hilo neno kitita, yaani orodha ya huduma ambazo mfuko unalipia na bei zake, wengi wetu tulilijua Machi 2024, hospitali binafsi zilipogoma kupokea kadi kwa sababu ya bei mpya. Kabla ya hapo kitita kwetu ilikuwa ni hela nyingi, tena mkononi.

Na hospitali ya rufaa hajaifikia bado. Siku atakayojipeleka Muhimbili moja kwa moja bila barua ya rufaa, ndipo atajua hajui.

Jumatatu kaomba ruhusa kazini, naenda naye pale hospitali. Wenye uzoefu nisaidieni: hizo 58,000 kwa risiti ya famasi kuna namna ya kurudishiwa, au ndiyo imekula kwetu? Na ile fomu aliyoisaini tupu, mwanachama ana haki ya kuonyeshwa kilichojazwa? Nataka nione waliandika nini juu ya jina la mdogo wangu.